Nyandeng na Kompyuta Isiyo na Betri

Nyandeng hakuwahi kuchagua kihariri maishani mwake. Kihariri ni ile programu ya kuandikia programu nyingine, na kwenye laptopu yake kuukuu ya Windows alikikuta kimo, akakizoea. Vumbi la kambi ya Kakuma likaiua laptopu. Kanisa likampa Mac kubwa ya mezani, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kihariri chake cha zamani kilikataa katakata kuingia.

Basi wiki nzima ikawa kuchagua tu! Anashusha hiki, anafuta, anashusha kile. Garad, mfanyabiashara Msomali anayeuzia mtaa umeme wa jenereta yake, alikuwa na ushauri bila kuulizwa.

"Dada, chukua kile kikubwa. Kinahifadhi chenyewe."

"Kizito, kaka Garad. Nataka chepesi."

"Wepesi huo utakutokea puani!"

Mbishi yule dada, we acha tu. Alichukua chepesi, chenye rangi za kupendeza. Na kazi ilimngoja: ushirika wa akina mama wauza samaki wa Longech, kule Ziwa Turkana, ulikuwa na friji moja na ugomvi wa zamu kila kukicha. Walitaka programu ya kugawa zamu. Angeionyesha Jumamosi katika ofisi yao Lodwar, na wakiipenda, hiyo ingekuwa ajira yake ya kwanza tangu akimbie Sudan Kusini.

Ijumaa aliamka akaandika mpaka adhuhuri bila kupumzika. Kila mstari alibonyeza vitufe vya kuhifadhi, ndivyo watu wa Kakuma walivyozoea, kwa sababu umeme wa huko hauna adabu. Alipotaka kuijaribu tu, jenereta ikanyamaza. Lo! Garad huizima kila Ijumaa akienda kuswali. Mtaa mzima unajua, mpaka kuku. Nyandeng naye alijua, ila laptopu ilikuwa na betri, haikumhusu. Mac ya mezani haina.

"Si neno, nimehifadhi," akajiambia.

Umeme uliporudi, gari la Lodwar lilikuwa nje likipiga honi. Akafungua faili. Mstari mmoja, ule aliouhifadhi kwa kipanya alipolipa faili jina, basi! Vidole vyake vilikuwa vimebonyeza vitufe vya Windows asubuhi nzima. Mac huhifadhi kwa vingine, na kile kihariri chake cha rangi rangi hakikumwambia lolote. Mungu wangu! Alipiga ukelele mpaka Garad akaja mbio, kanzu ya msikitini bado mwilini. Hata yeye hakuwa na moyo wa kusema nilikwambia.

Akasafiri mikono mitupu. Asubuhi, mbele ya akina mama, hakuweza hata kuitikia vizuri salamu zao za ejok.

"Mama, imepotea yote," alimwambia mwenyekiti, Mama Akiru. "Lakini nipeni hiyo kompyuta yenu."

Ilikuwa Windows. Akafungua kile kijidaftari cha bure kinachokuja nayo, kisicho na rangi wala madoido, akaanza upya huku jasho likimtiririka. Akina mama wakasogeza viti.

"Yaani ni mtu anaandika?" Mama Akiru alishika kinywa. "Yule kijana wa programu aliyekuja kabla yako alituambia mashine ndiyo imekataa kuongeza jina! Hebu ongeza mke mwenzangu."

Nyandeng akamwongeza. Jina likatokea, na zamu yake. Vigelegele vikapasua ofisi.

"Kazi ni yako. Kesho tuongezee wenzetu wa kijiji cha Kataboi."

Nyandeng akainamisha kichwa. "Kesho siwezi, mama. Mimi mkimbizi. Kibali changu cha kutoka kambini kinaisha leo jioni, na kupata kingine sijui ni lini."

Mama Akiru aliduwaa. Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kiturkana, nao wakaduwaa.

"Sasa mtu mzima anaombaje ruhusa ya kutembea?" aliuliza. "Haya. Sisi hakuna anayetuzuia. Jumatatu tuko Kakuma, wote, na majina yetu."

Nyandeng alikaa palepale sakafuni, akalia.