Firigisi ya Wanzala

Wanzala alipozikwa kwao Bungoma, bendera ikakunjwa na risasi zikapigwa hewani, babake, mzee Sifuna, hakusema neno. Watu walidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichomfunga mdomo ni aibu, na aibu hiyo aliibeba mwaka mzima bila kumwambia hata mkewe, Nekoye.

Sasa hema la maombi ya ukumbusho lilikuwa limesimamishwa uani, kwenye ploti ya Wagaki walikopanga, Kawangware 46, na pasta alikuwa amesema wazi kwamba safari hii baba ndiye atakayesimulia maisha ya mwanawe. Sifuna alikaa ndani akipanga maneno. Mwanzo haukumsumbua. Wanzala alizaliwa Kibera, katika chumba walichopanga karibu na kituo cha Olympic, akawa mtundu tangu alipojua kutambaa. Walipohamia Kawangware alikuwa darasa la nne, na bado kila Jumamosi alikwenda Kibera kwa miguu kucheza mpira, mara nyingine akarudi na kiatu kimoja. Randa ya babake aliishika wiki mbili tu, akaharibu mlango wa mteja, wakaelewana kwamba useremala si wake. Jeshi nalo lilimkataa mara ya kwanza kwa sababu ya jino. Nekoye alikasirika, akauliza kama huko vita hupiganwa kwa kuumana. Mwaka uliofuata kijana alikimbia kila asubuhi hadi Olympic na kurudi, jino likiwa limetengenezwa, akachukuliwa. Hata Wagaki, ambaye hajawahi kumsifu mpangaji yeyote, alimpikia chapati.

Hapo maneno yalikwama, kwa kuwa yaliyofuata yalimpeleka Sifuna kwenye ile Jumapili ya mwisho. Wanzala alikuwa amekuja likizo na kuku wawili. Kwa Wabukusu firigisi ya kuku huliwa na baba wa nyumba, na hilo hata mtoto analijua. Sahani ilipowekwa mezani, kijana akanyoosha mkono kuchukua firigisi. Sifuna akampiga mkono na kumwambia ataila siku atakapokuwa na nyumba yake. Wanzala akala harakaharaka, akaondoka bila kunywa chai. Wiki tatu baadaye gari la kikosi chake lilikanyaga bomu huko mpakani. Sifuna aliamini kwamba mwanawe alikufa na kinyongo naye.

Musembi, askari mwenzake Wanzala, alifika kabla ya wageni wengine. Nekoye hakutaka kusikia habari ya kungoja maombi yaishe; alimwekea ugali na kuku papo hapo. Sifuna akachukua firigisi, ambayo tangu siku ile haikumpita kooni, akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Musembi, ambaye ni Mkamba na hajui mila hiyo ya firigisi, akaitazama akaanza kucheka.

"Mzee, hii kitu karibu ituletee vita ndani ya basi tukirudi kambini ile Jumapili," alisema. "Wanzala alitoa moja kama hii kwa mfuko ya jaketi, imefungwa na karatasi. Nikamuuliza imetoka wapi, akasema ameiba kwa sufuria ya mamake. Alikataa kunimegea, akacheka mpaka tukafika Mwingi."

Sifuna alimuuliza polepole kama siku hiyo kijana alikuwa amekasirika.

"Akasirike na nini? Alisema alijaribu kuchukua ya pili ukamchapa mkono. Chai hakungoja, aliogopa mama atahesabu firigisi."

Kuku walikuwa wawili. Firigisi kwenye sahani ilikuwa moja. Mwaka mzima Sifuna hakuwahi kujiuliza ya pili ilikwenda wapi. Nekoye, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema yeye siku ile alidhani ni paka wa Wagaki, tena alimrushia ndala.

Sifuna alicheka hadi akashika meza. Machozi yalimtoka na hakujali nani anamwona. Mwanawe hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshiba, ana mzigo wa wizi mfukoni, anakimbilia basi kabla hajakamatwa. 

Pasta alipomwita, alitoka mbele ya watu bila karatasi.

"Mwanangu alikuwa mwizi," alisema, na watu hemani wakageuka kumtazama. "Kaeni vizuri niwaambie aliiba nini."