Dawa Moja, Mikono Mitatu

Mtoto wa dada yangu alishikwa na homa msimu wa mvua, walipokuja kukaa nasi kwetu Shieywe. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushikilia kuta. Mimi nilikuwa nyumbani likizoni, msichana wa sekondari, na mara nyingi nilishinda nimembeba mgongoni.

Homa haikututisha. Kwetu malaria ni kama mgeni anayejua mlango. Dada alinunua dawa ya maji mjini, ile tamu ya kushusha homa, akawa anamnywesha kwa kijiko cha chai kila alipomgusa akamkuta moto. Mama aliiona ile dawa kama maji ya sukari tu. Akirudi kutoka sokoni, alivunja tembe ya watu wazima, akaisaga nusu yake na kumpa. Nyanya yetu, tuliyemwita kukhu, alikuwa na tembe zake za magoti alizonunua kioski. Akatia kipande katika uji. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Haikuwa siri. Mtu akimlisha mtoto, hatangazi.

Homa ilishuka, tukashukuru. Kisha mtoto akaanza kutapika na kulala kupita kiasi. Mama alisema usingizi ni mzuri, mwili unajirudishia nguvu.

Asubuhi moja nilikuwa nikimnawisha uso mlangoni. Alifungua macho, nikaona yamekuwa manjano. Nilimwita dada. Alimgeuzia kwenye mwanga, akamtazama, akamfunga mgongoni. Sote tukamfuata hospitalini.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Aliuliza mtoto amepewa nini. Dada akataja dawa yake ya maji. Mama akasita, akataja tembe. Ndipo kukhu aliposema kutoka kwenye benchi, "Na mimi nilikuwa nampatianga kidogo, kwa uji."

Mama na kukhu walizitoa tembe zao kwenye vitambaa vya kichwa walimozifunga, dada akatoa chupa. Daktari alivisoma vyote.

"Majina ni matatu," alisema. "Dawa ni moja. Ni parasetamoli."

Alitueleza polepole. Mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake, kwa kikombe au bomba linalokuja na chupa, si kwa kijiko cha jikoni. Kipimo kimoja na kingine hutenganishwa kwa saa nne hadi sita, na kwa siku havizidi vinne, hata kama homa bado ipo. Tembe ya mtu mzima haigawanywi kwa macho. Alisema hata mtu mzima akizidisha, ini huharibika huku yeye akidhani anapona. Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza.

Walimtundikia maji, wakamtafutia dawa ya kuzima sumu ile. Ilikuja, lakini ini lilikuwa limeshachoka. Alifariki adhuhuri, wodi imejaa jua na kelele za wageni walioleta chakula.

Matangani watu walisema ni malaria. Tuliwaacha waseme. Tangu hapo kukhu hakumeza tembe tena. Miezi ya baridi tulimsikia akiguna nyuma ya ukuta. Mama alikuwa akimpelekea tembe kwa kipimo sawasawa, na maji, naye akitikisa kichwa. Mama mwenyewe hakuweza tena kusikia mtu akisaga kitu kwa kijiko. Alikuwa akitoka nje mpaka mtu huyo amalize.

Dada alipata watoto wengine. Wakiwa na homa hakuwaleta kwetu, wala hatukumwuliza kwa nini. Miaka ikapita. Siku moja tulikuwa tukichambua maharagwe, wawili tu, akasema bila kuinua kichwa, "Unafikiri ni dawa ya nani iliyozidisha?"

Nilimwambia hakuna hata moja peke yake.

"Nami hujiambia hivyo," akasema. Mikono yake iliendelea kuchambua. Baada ya muda akaniuliza kama maji yamechemka.