Majani ya Mpera kwa Samaki Wote

Saa moja na robo asubuhi, Vivian Jepkorir anapima chakula cha samaki kwa gramu. Gunia lililofungwa uzi mwekundu ni la matangi matatu ya kushoto. La uzi wa kijani ni la matatu ya kulia. Anarusha kidogo, anangoja, anarusha tena. Tilapia wa pande zote mbili wanapanda juu kwa fujo ile ile.

"Hapo ndipo ninachanganyikiwa," anasema. "Kwa hesabu ya daktari, hawa wa kushoto walifaa kuwa wagonjwa."

Jepkorir, 36, ambaye wenzake humwita Mama Kigen, ni kibarua katika shamba la samaki nje kidogo ya mji wa Kitale. Kwa Sh12,500 kwa mwezi, amekuwa akiwalisha samaki wa jaribio la Dkt Wacuka, mtafiti wa lishe ya samaki kutoka chuo kikuu.

Matangi yote sita yametiwa chembe za zinki, ndogo kiasi kwamba lazima zaidi ya elfu moja zipangwe foleni ndipo zifikie upana wa unywele mmoja. Chembe za aina hiyo hutumika katika baadhi ya rangi na mbolea. Zikifika majini kwa wingi, huweza kudhuru mashavu na maini ya samaki. Chakula cha uzi wa kijani kina unga wa majani ya mpera. Cha uzi mwekundu hakina. Dkt Wacuka anataka kujua kama majani hayo huwakinga samaki.

Jepkorir anataka kujua zaidi yake. Mwaka jana, siku nne baada ya mvua kubwa ya Aprili, samaki 210 kati ya 300 walielea katika kidimbwi chake huko Kimilili, kaunti ya Bungoma. Upande wa juu wa kidimbwi kuna shamba la nyanya lililokuwa limenyunyiziwa mbolea mpya. Hakuna aliyepima maji.

"Mume wangu alisema ni baridi. Mwenye nyanya akasema ni njaa, ati siwalishi," anasimulia. "Mpaka leo sijui."

Wiki sita za jaribio zilipokwisha, Dkt Wacuka alipasua samaki wa kila tangi na kutazama mashavu kwa hadubini. Hayakutofautiana. Akapima maji upya. Akakagua mizani. Bado.

Mfanyakazi mwenzake Jepkorir, Wabwile wa Chwele, alikuwa na maelezo yake. "Si nilikuambia, Mama Kigen? Mpera ni dawa ya kuzuia kuharisha. Sasa samaki akiharisha ndani ya maji, utajuaje bana?"

Dkt Wacuka hakucheka. Aliandika daftarini, akisoma kwa sauti, kwamba mpera haukuleta tofauti yoyote.

Jepkorir alikuwa akiosha karai. Akaliweka chini.

"Daktari, hata hawa wa uzi mwekundu nimekuwa nikiwapa."

"Ukiwapa nini?"

"Unga wa mpera. Ule unaobaki kwa karai nikichanganya chakula."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mama Kigen, kila Ijumaa nilikuuliza kama umewapa chakula kingine. Ukasema la."

"Na sikuwapa chakula. Hayo ni majani, daktari. Kwetu mtoto mmoja akiumwa tumbo, tunachemsha sufuria moja na nyumba nzima inakunywa, hata asiyeumwa. Ningewapa hawa niwanyime wale?"

Mtafiti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta sentensi yake daftarini. Hakumfukuza, ingawa Jepkorir alikuwa ameshaanza kuvua aproni.

Ungamo hilo halikutoa jibu. Huenda mpera uliwakinga samaki wote. Huenda chembe zilikuwa chache mno kumdhuru yeyote. "Kwa takwimu hizi, siwezi kuchagua," anasema Dkt Wacuka.

Jaribio linaanza upya Jumatatu, kwa samaki wapya na matangi mawili zaidi ambayo hayatatiwa zinki. Sharti moja limetoka kwa Jepkorir mwenyewe: chakula kichanganywe chuoni, magunia yaje na namba tu.

"Nikijua nani amenyimwa, nitampa. Najijua," anasema.

Kidimbwi cha Kimilili kina maji, hakina samaki. Amekataa vifaranga vya bei nafuu mara mbili mwaka huu. Mpango wake ni kungoja wiki sita, kisha anunue 300 au afukie shimo apande mboga.

Wabwile anamuuliza atafaidika nini wakiambiwa mpera hausaidii.

"Nitaacha mpera," anamjibu. "Saa hii, bana, sijui hata cha kuacha."