Dizeli ya Bhajia

Nderitu alirudi kijijini Bahati na mtungi wake ukiwa mwepesi vile vile alivyotoka nao asubuhi. Nakuru, petroli stesheni ya kwanza ilikuwa imefungwa kamba mlangoni. Ya pili walisema dizeli iliyoko ni ya matrekta ya Mau Narok, ngano kwanza.

"Kwani sisi wa mahindi tule nini?" alimuuliza mtu wa pampu.

"Mzee, hata mimi nakula ugali. Songa, kuna lori nyuma yako."

Ndiyo hali ya mwaka wa sabini na nne. Mashini yake ya posho, ya kusagia mahindi, ilikuwa imenyamaza siku tisa, na hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Chumba ilimokaa kilikuwa cha soko. Kamati ya soko ilikuwa na sheria: mashini ikinyamaza wiki mbili, chumba kinapewa mtu mwingine. Kang'ethe, mwenyekiti, alikuwa ameshapita mara mbili, mikono nyuma, akichungulia dirishani kama jirani aliyesikia kuna maiti. Mtu wa Solai mwenye mashini mpya na tangi lake la dizeli alikuwa anangoja tu.

Injini yenyewe Nderitu aliijua kuliko alivyowajua watoto wake. Alianza kuipaka grisi akiwa kijana, kwa mzungu mmoja huko Subukia, ikivuta maji ya ng'ombe. Mzungu alipouza shamba, wenzake walikimbilia ng'ombe na mabati. Nderitu akaomba injini. Wakamcheka mpaka wakachoka, halafu kwa miaka kumi wakamletea mahindi asage.

Aliyemtia wazimu wa mafuta ya kupika ni Surjit, kalasinga wa kutengeneza pampu za injini karibu na stesheni ya reli ya Nakuru.

"Injini yako haina maringo," Surjit alimwambia Jumatatu hiyo. "Mjomba wangu aliona lori Kongo inaenda na mafuta ya mawese. Shida ni moja, mafuta ni mzito. Sasa wewe chukua mafuta ya kupika, pasha moto, tia spiriti na soda, tikisa. Ile mzito inalala chini. Ile ya juu, dizeli."

"Soda gani?"

"Soda, bwana. Soda ni soda." Akaingia chini ya lori.

Mafuta hayakuwa shida. Vimla, mama wa duka la bhajia, alimpa debe zima la mafuta yaliyochoka kukaanga, akafurahi limetoka jikoni kwake. Spiriti alinunua ile ya zambarau ya kuwashia taa ya presha. Na soda ilikuwa nyumbani: magadi ya Njoki, mke wake, ya kulainisha githeri ya mahindi na maharagwe.

Alitikisa mpaka bega likauma. Jumanne asubuhi mafuta yalikuwa vile vile, na magadi yamelala chini kama mchanga wa mto.

Njoki alichungulia. "Baba Mumbi, maharagwe utatia saa ngapi?"

Nderitu akapanda basi mpaka kwa Surjit.

"Uliweka soda gani?" Surjit akauliza.

"Ya githeri."

"Hiyo ni ya tumbo! Mimi nilisema soda ya sabuni. Kostiki."

"Ulisema soda ni soda."

"Sasa nikisema soda, unaweka ile ya kunywa ya chungwa?"

"Kwa vile ulivyoeleza, karibu niweke."

Akanunua kostiki, akavaa magunia mikononi isimchome, akaanza upya. Safari hii kitu kilifanyika. Mafuta yakawa mazito kama uji, halafu kama ugali, na kufika jioni mwiko ulikuwa umesimama wima bila kushikwa. Njoki akachota kidogo na kitambaa kuukuu, akasugua kwenye maji. Povu likajaa beseni.

"Baba Mumbi, hii ni sabuni."

"Ni dizeli iliyokataa."

"Basi ikatae tena kesho. Kuna blanketi."

Jumatano Nderitu alikata kipande cha ile sabuni, akakifunga kwa gazeti, akakitupa juu ya meza ya Surjit katikati ya spana.

"Hiyo ndiyo dizeli yako ya Kongo. Oga nayo."

Surjit alikinusa, akakigeuza. "Spiriti gani uliweka?"

"Ya zambarau."

"Hiyo iko na maji. Maji ikiingia, unapata sabuni. Na mafuta ya bhajia pia iko na maji, viazi imelia ndani."

"Na hukusema."

"Hukuuliza."

"Surjit, mimi ninauliza aje kitu sikijui?" Nderitu akafoka. Siku tatu zimebaki, nusu debe la mafuta limekuwa sabuni, na huyu mtu anamkung'utia maneno kama vumbi.

Surjit aliona sura yake, akaacha mzaha. Akamwita mpwa wake Jasvinder, aliyekuwa akishindana kwa pikipiki kwenye uwanja wa Langalanga. Jasvinder alikuwa na mkebe wa spiriti ya mashindano, kavu, isiyo na tone la maji.

"Hii usivute harufu yake, na moto ikae mbali," Surjit akasema. "Mafuta chemsha peke yake kwanza, mpaka iache kupasuka. Ikipoa, ndiyo unachanganya. Haya, enda."

Nderitu hakuenda. Alivuta sanduku, akakaa.

"Ipoe mpaka wapi? Mkono uweze kushika chombo ama usiweze? Kostiki ni kijiko cha chai ama cha mchuzi? Kimejaa kilima ama kimelala sawa? Inaingia kwa mafuta kwanza ama kwa spiriti?"

"Kwa spiriti. Bwana, niko na kazi."

"Hata mimi nilikuwa nayo."

Alhamisi, nje uani, alifanya kila kitu kama alivyoambiwa. Ijumaa alikuta mtungi umegawanyika mara mbili. Chini kitu cheusi kizito kama asali ya porini, juu mafuta mepesi ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Alichuchumaa, akaichota ile ya juu. Surjit alikuwa amesema ioshwe na maji, itulie siku mbili, sabuni iliyobaki ndani iondoke. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya kumi na nne, basi hakuiosha.

Jumamosi wanawake walikuwa kwenye foleni na madebe yao, na Kang'ethe mlangoni na saa yake. Nderitu aliwasha injini kwa kikombe cha mwisho cha dizeli, akafungulia ile yake. Injini ikapiga chafya mara tatu, ikashika. Moshi ukajaza soko harufu ya pilipili na vitunguu.

Mwanamke aliyeitwa Wangu, wa kwanza kwenye foleni, akashika pua. "Nderitu, unasaga ama unakaanga?"

"Mimina mahindi, mathe."

Madebe manne yalipita. La tano likiwa katikati, injini ikaguna, ikazima.

"Imenyamaza," Kang'ethe akasema, kama mtu aliyeletewa chakula.

"Imekohoa," Njoki akasema.

"Sheria ni wiki mbili, Mama Mumbi. Na leo zimetimia."

Wangu alimshika mwenyekiti mkono, akauzamisha kwenye debe lake la unga mpaka kwenye saa.

"Umesikia joto? Huo unga umesagwa wapi, mwenyekiti? Kwa mtu wa Solai?"

Foleni ikacheka. Kang'ethe aliutoa mkono ukiwa mweupe, akaupangusa kwa koti, akaharibu na koti. Aliwaangalia wale wanawake, wote wapiga kura wa kamati.

"Haya. Siku zinahesabiwa upya. Kuanzia leo."

Nderitu alikuwa tayari amelala chini na filta mkononi, ute wa sabuni ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akilaani haraka yake mwenyewe. Aliisuuza, akaifunga, akasimama na kushika hendeli ya kuwashia injini.

"Ondokeni hapo mlangoni," akasema. "Mnanizibia mwanga."