Nilipuliza Laptop kwa Upepo wa Matairi, Nikamsingizia Mfiwa

Kosa ni langu. Si la shetani, si la umeme. Langu! Nasema mwenyewe kabla mtu wa hapa kwetu Masara hajawasimulia vibaya.

Mimi hupiga chapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha za marehemu. Kibanda changu kiko karibu na mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa hivyo vumbi tunakula mchana kutwa. Laptop yangu ikaanza kuchemka kama sufuria, feni inapiga kelele, kila saa inajizima. Fundi wa Migori mjini alikuwa ameniambia: "Mama Blessing, zima, toa betri, pangusa tundu za feni na brashi laini. Polepole."

Polepole! Mimi na mtoto mgongoni, wateja mlangoni?

Nikaipeleka kwa jirani yangu, fundi wa pancha.

"Nyar Kendu, hii upepo ni ya tairi ya lori," akasema; ndivyo huniita, binti wa Kendu.

"We puliza! Vumbi ni vumbi."

Akapuliza. Jamani, hewa ikatoka na maji! Maji yaliyokuwa yamelala ndani ya tangi la kompresa. Feni ikazunguka kama wazimu, ikalia ka! Nilipowasha, kimya. Imekufa.

Ndani kulikuwa na programu ya mzee wa kuzikwa Ijumaa: picha zake, na majina ya watoto wa nyumba zote mbili, maana alikuwa na wake wawili, nani atangulie nani, mambo ambayo familia ilibishania siku tatu. Nakala sikuwa nayo. Picha nazo nilikuwa nimezihamisha zote kutoka flash ya Odhiambo, kifungua mimba wa nyumba ya pili. Flash ilibaki tupu.

Hapo ndipo nilikosea kabisa. Wafiwa walipokuja, nikasema, "Flash ya Odhiambo ilikuwa na virusi. Imeua kila kitu."

Nilidhani watanung'unika tu. Kumbe! Nyumba ya kwanza wakamrukia: "Uliona jina lako liko chini, ukaamua baba azikwe bila programu!" Wakaapa hatashika maikrofoni kumuaga babake.

Odhiambo alinitazama. "Mama Blessing, mimi hata virusi sijui ni nini."

Uongo huo niliukalia siku mbili. Ijumaa nikaenda matangani, nikaomba maikrofoni, nikasema yote: kompresa, maji, uongo. Watu wakaguna. Shangazi mmoja akafoka, "Mtoeni huyo!" Sikutoka mpaka Odhiambo akapewa maikrofoni. Alimuaga babake bila karatasi, akataja watoto wote kwa majina. Alianza na nyumba ya kwanza.

Tangu hapo hakuna mfiwa ananiletea kazi. Baba Blessing naye kila jioni: "Nilikwambia mashine si za wanawake." Wacha nimjibu hapa hapa: aliyeshika bomba la upepo alikuwa mwanaume! Mimi nilikosa kwa haraka na kwa uongo, si kwa sketi!

Nimeazima laptop ya dadangu, nimenunua brashi. Kila Jumapili nazima, natoa betri, napangusa. Kila kazi ina nakala mbili. Kibanda sifungi, mseme mchoke!

Na wewe mwenye kompyuta nyumbani, kaa mbali na kompresa ya pancha. Ikikufia mikononi, sema imenifia mikononi, hata kama wamekuzunguka. Laptop nitanunua ingine. Lakini Odhiambo, mpaka leo, akipita hapa hunisalimia kwa kichwa tu.