Pinder na Zizi Lake la Mawe

Kaka yangu Wilfred alizaliwa Pinder na akafa Pinder, ila kuna mwaka jina hilo nusura libaki ganda tupu. Mimi pia nilizaliwa Pinder. Niliolewa nikawa Stubbs, lakini damu haibadilishwi kanisani.

Zamani akina John walijaa kijijini kwetu, watu wakawa wanawatofautisha kwa kazi zao. John wa kinu cha kusaga akawa Miller, yaani msagaji. Babu yetu wa mbali alikuwa anakamata mifugo iliyoingia mashamba ya watu na kuifungia kwenye zizi la mawe kando ya kanisa, mpaka mwenyewe aje akiri kosa. Mwenye kazi hiyo ndiye pinder, basi akawa John Pinder. Tangu hapo, kila Novemba baraza la mashamba lilimchagua mmoja wetu kushika kazi hiyo. Mimi niliishia shule ya msingi, na haya sikuyasoma popote. Nilimsikia bibi akiyasimulia huku akimenya viazi.

Kisha zikaja nyaya za kuzungushia mashamba, mifugo ikaacha kuzurura. Novemba moja baraza likiwa limekaa kilabuni kama kawaida, mwenyekiti, Cyril Haddon, akasema, "We Wilf, zizi lako limeota magugu. Mnyama wa mwisho aliingia lini?"

"Mwaka juzi. Bata bukini wa mchungaji wa kanisa."

"Yule alijiingiza mwenyewe!"

Wakacheka. Cyril akaendelea, "Zizi likikaa tupu mpaka Novemba ijayo, cheo tunakifuta."

Wilf hakugusa chakula. Njiani akaniambia, "Winnie, wakikifuta, mimi nitaitwa Pinder kwa lipi?"

Mwaka mzima alizunguka mashamba kila asubuhi. Hakuna hata kondoo. Zikiwa zimebaki siku mbili baraza likae, nikamkuta amesimama langoni mwa shamba la Cyril. Ndani, katikati ya ngano changa, ng'ombe anatafuna kwa raha zake. Alikuwa Clover, ng'ombe wa Wilf mwenyewe.

"Mrudishe upesi, kaka. Hakuna aliyeona."

"Wewe umeona. Na mimi nimeona."

Akamfunga kamba, akampitisha mbele ya duka watu wakitazama, akamtia zizini na kufunga kufuli.

Barazani Cyril akafoka, "Umemwachia makusudi!"

Masikio ya Wilf yakawa mekundu. "Mwenyekiti, ningetaka kudanganya ningemwachia ng'ombe wako."

Kilabu kizima kikaangua kicheko. Lakini desturi ni desturi: mwenye mnyama lazima akiri mbele ya pinder. Wilf akavua kofia. "Mimi Wilfred, mwenye ng'ombe, nimekosa. Sikuziba ua wangu." Akaivaa tena, akakunja uso. "Pinder amesikia. Usirudie!"

Cyril alicheka mpaka bia ikampalia. Alipopata pumzi akasema, "Mwandikeni tena, huyu. Nani mwingine angejifungia ng'ombe wake?"

Akashika kazi miaka ishirini na miwili zaidi, mpaka tulipomzika. Novemba iliyofuata wakanichagua mimi. Karani alipoandika Winifred Stubbs, nikamwambia, "Ongeza hapo: aliyezaliwa Pinder." Akaongeza.

Ufunguo unaning'inia nyuma ya mlango wangu wa jikoni. Juzi nimefungia kondoo wawili wa mjukuu wa Cyril, na bado namsubiri aje avue kofia.