Safari Haipimwi kwa Bunduki

Miaka ile ya hamsini, mtu mweusi hakutoka Kisangani bila karatasi ya ruhusa. Nilikwenda kuiomba ofisini Makiso, mtaa wa serikali, na karani aliponiuliza sababu nikamjibu, "Papa, niko na safari."

Kwenye dirisha la Wazungu, kando yangu, alisimama Mwingereza mmoja mgeni. Akacheka. Kwa Kiswahili chake cha kuamrisha wapagazi akanieleza, mimi, kwamba safari ni neno la kwao, maana yake kwenda porini kuwinda. "Bunduki yako iko wapi?"

Neno hilo babu yangu alilipata kwa Waarabu aliofanya nao biashara, nasi nyumbani tulilipima kwa sala. Ukienda mbali hadi rakaa nne zikawa mbili, hiyo ni safari. Aliye karibu na kwake hafupishi sala, hata abebe bunduki kumi.

Nilimwambia hivyo. Akazidi kutabasamu, akauliza basi ninakwenda kuona mnyama gani.

"Ninakwenda matanga ya mama yangu, mwendo wa siku tatu," nikasema, kisha nikamgeukia karani. "Papa, andika safari. Huyu bwana iko anatembea tu."